Namba 12 ya Wapi?

Kampuni inayonilipa mshahara inauza tiketi za mabasi kwa simu. Abiria anaona programu moja: anachagua basi, anachagua siti, analipa, ujumbe unaingia. Sisi tulio nyuma ya hiyo skrini tuna ripo nane. Ripo, kwa asiyejua mambo yetu, ni ghala la msimbo wa programu. Kila aliyegusa mstari, jina lake linabaki humo pamoja na siku aliyougusa. Tuna ya abiria, ya wakala, ya seva, ya malipo, ya SMS, ya tovuti, ya ripoti za wenye mabasi, na moja yatima ambayo hakuna anayethubutu kuifuta, kwa kuwa aliyeiandika alishaacha kazi na hakuacha maelezo. Git, programu inayotunza maghala haya, Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Kiini hicho ndicho kinachoendesha seva nyingi na simu za Android duniani kote, na msimbo wake unakaa ripo moja. Sisi wa kuuza siti za kwenda Iringa tunahitaji nane.

Kila ripo ina daftari lake la ishu: hitilafu, maombi na malalamiko. Na kila daftari linaanza kuhesabu kuanzia 1. Kwa hiyo namba 12 tunazo nane. Kikao cha Jumatatu huenda hivi: bosi anauliza, "Namba 12 imekwisha?" Kijana wa tovuti anajibu, "Imekwisha, bosi." Watu wanapumua, chai inaletwa. Alhamisi ndipo inapogundulika kwamba iliyokwisha ni kubadilisha rangi ya kitufe, na iliyoulizwa ni hela za watu.

Basi likapita azimio kwamba ishu zote zionekane mahali pamoja. "Mtaalamu," bosi akaniambia, "tutengenezee kitu kidogo tu cha kwenye kivinjari. Wiki moja inatosha." Nikamwambia vitu hivyo havijaanza leo: Bugzilla ipo tangu 1998, Jira tangu 2002, na hata GitHub yenyewe ina ubao wa kukusanya ishu za ripo nyingi. Shida ni kwamba ripo zetu tano ziko GitHub, mbili ziko GitLab, na ile yatima iko kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu, imebandikwa kikaratasi: USIZIME. Kuhusu hizo za kununua, bosi akauliza zinalipiwaje. Kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Akanitazama kwa upendo mkubwa. "Sasa wewe si upo?"

Nikaanza. Programu ya namna hii haifungui kurasa kama mtu. Inapita mlango wake maalumu, API, inauliza na kujibiwa. GitHub ukimwendea bila kujitambulisha anakujibu mara 60 kwa saa, basi. Ukimwonyesha tokeni anakuruhusu mara 5,000. Ukiomba ishu anakupa 30 kwa ukurasa, ukibembeleza sana 100, zilizobaki uzifuate mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Na humo humo anakuchanganyia maombi ya kuunganisha msimbo, maana kwake kila ombi la kuunganisha ni ishu pia. Bosi alipofungua ukurasa wangu mara ya kwanza alishika kichwa akidhani kampuni inakufa, kumbe sehemu kubwa ya orodha ilikuwa kazi za vijana zilizokwisha, zinasubiri mtu azikague. GitLab naye kila ishu ameipa namba mbili, moja ya ndani ya mradi na nyingine ya mfumo wake mzima. Ukishika isiyo yenyewe, unabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo.

Halafu kuna saa. GitHub, kama seva yetu, huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Wakala wa stendi ya Mbezi anaripoti, "Imegoma saa nne asubuhi." Simu yake inasema 10:00. Kumbukumbu ya seva inasema 07:00. Kijana wa malipo, mtiifu kabisa, akaenda kutafuta kilichotokea 04:00, akakuta shwari, akafunga ishu kwa maneno mawili: "Sijaona tatizo."

Ila ishu iliyonifunza watu ni ya siti namba 14. Abiria wawili, basi la Mbeya, siti moja, na kila mmoja ana tiketi halali mkononi. Kwenye ripo ya wakala iliandikwa "Siti inauzwa mara mbili", ikafungwa: "Hili ni la seva." Kwenye ripo ya seva ikaandikwa "Siti 14 ina watu wawili", ikafungwa: "Malipo yanachelewesha jibu, waulizeni wenyewe." Kwenye ripo ya malipo iliandikwa "Ile ya siti". Basi. Hakuna maelezo, kuna skrinshoti iliyokatwa hadi tiketi haionekani, ila inaonekana kwamba betri ya mpigaji ilibaki asilimia 9. Ikafungwa: "Imerudishwa kwa wakala."

Na hakuna aliyesema uongo. Seva hushikilia siti kwa dakika chache ikisubiri malipo yathibitishwe. Uthibitisho ukichelewa inaiachia, anakuja mwingine ananunua, kisha hela ya yule wa kwanza inaingia na tiketi inatoka. Kila mtu kwenye ripo yake yuko sahihi. Wanaogombana ni abiria, huko Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi.

Programu yangu iliziweka hizo ishu tatu kwenye mstari mmoja, ikaonyesha jina la aliyegusa mwisho na siku ambazo tatizo limekaa. Ilifanya kazi vizuri. Chuki ikaanzia hapo.

Maana watu husema kutawanyika kwa ishu ni kero. Si kero, ni starehe. Ishu isiyo na kwao ni kama balbu ya uani kwenye nyumba ya kupanga: wote wanaogea mwanga wake, ikiungua kila mpangaji anakumbuka kwamba yeye huoga mchana. Kijana wa malipo akaja kwa upole, "Kaka, hiyo rangi nyekundu ni lazima?" Mwingine akataka wikendi zisihesabiwe. Wa tatu akauliza kama jina lake linaweza kuandikwa kwa kifupi.

Kisha ishu zikapungua ghafla. Bosi akatangaza kikaoni kwamba mfumo umeleta tija. Kumbe zimehamia WhatsApp, kwenye kundi jipya linaloitwa Mambo Madogo Madogo, ambako bosi mwenyewe hutuma sauti ndefu, sehemu kubwa ikiwa ni foleni ya Ubungo na mwishoni "halafu ile ya siti, vipi?" Siku moja akaniita. "Mtaalamu, hii WhatsApp haiwezi kuingizwa kwenye mfumo wako?"

Siti 14 ilirekebishwa kwa mistari michache ya msimbo, baada ya watu watatu wa ripo tatu kukaa meza moja. Kwenye pongezi programu yangu haikutajwa. Nayo sasa ina ripo yake, ya tisa, na daftari lake la ishu. Ishu namba 1 inasema: "Majina ya wahusika yafichwe." Kwa kuwa mfumo bado unaonyesha majina, tunamjua aliyeifungua. Ndiye yule aliyesema wiki moja inatosha.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu mnaoripoti. Andikeni ni simu gani, mlibonyeza nini, mkaona nini, na saa ngapi, mkitaja ni saa ya ukutani au ya seva. Skrinshoti msiikate. Na wewe unayefunga ishu kwa kusema ni ya mwenzako, mwenzako amekaa meza ya pili kutoka kwako: mwambie kwanza.