Sifa za Desa

Desa langu la kwanza lilikuwa na kurasa 12, za kusomeka 11. Lilikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, hata herufi g zote zikawa zimegeuka q, na Njoroge wa Ngũgĩ wa Thiong'o akawa anajulikana bwenini kwetu kwa jina la Njoroqe. Ukurasa wa tatu ulikuwa na doa la mafuta ya chapati. Doa lenyewe halikuwa la mafuta tena. Lilikwisha kupigwa fotokopi pamoja na maneno, likarithiwa kidato hadi kidato kama mali ya ukoo. Nililinunua steshenari ya mkabala na geti la shule, shilingi 50 kwa ukurasa, nikalikunja mara nne, nikalitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Tangu siku ile sijaona kitu kinachotukanwa mchana na kutafutwa usiku kama desa. Walimu wanalilaani paredi, wanafunzi wanaliruka mdomoni, wazazi hawataki kulisikia. Leo naomba nilitetee, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa msomaji aliyesoma kwa haki, nieleze: desa ni muhtasari wa kukariri badala ya kusoma kitabu. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, enzi zetu, ulikuwa na sehemu ya fasihi. Unapewa orodha ya riwaya, tamthiliya na mashairi, kisha unaulizwa swali moja na kuambiwa ulijibu kwa vitabu viwili, hoja tatu kila kitabu. Kwenye orodha wamo Weep Not, Child ya Ngũgĩ huyohuyo, ya mwaka 1964, Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na wenzao. Mwenye kujibu ni mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaamka asubuhi moja ya kidato cha kwanza na kukuta hata baiolojia imehamia Kiingereza. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 60 na nakala nne za riwaya, mojawapo haina jalada. Piga hesabu mwenyewe: kila kitabu, vichwa 15. Ndipo desa likaingia, kama mkunga aliyeitwa usiku.

Msidhani ni mtoto wa mtaani asiye na nasaba. Titus Livius wa Roma ya kale aliandika historia ya mji wake kwa vitabu 142. Vilivyotufikia ni 35. Lakini muhtasari wake, uliofanywa baadaye na mtu asiyejulikana jina, umetufikia karibu wote. Umekosekana wa vitabu viwili tu. Bwana mkubwa kazama, mtumwa wake kafika pwani na mzigo kichwani. Mwaka 1807 huko London, Charles Lamb na dada yake Mary waliwafupishia watoto tamthilia 20 za Shakespeare, na hakuna aliyewaita wavivu. Na mwaka 1958, Clifton Hillegass wa Nebraska, Marekani, alianza kuuza vijitabu vya mihtasari, akitangulia na tamthilia 16 za huyohuyo Shakespeare, wazo akiwa amelipata kwa muuza vitabu wa Kanada. Desa letu ni la ukoo huo, ila lenyewe halikubahatika kupata jalada.

Tutazame tabia zake. Kwanza, desa lina unyenyekevu. Waandishi wa vitabu huweka majina yao juani, na picha zao nyuma wakiwa wameshika kidevu. Mwandishi wa desa hajulikani. Hadai mrabaha, hahojiwi redioni, haendi kwenye uzinduzi. Amefanya wema akaenda zake.

Pili, desa halibagui. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza mkaa walikuwa wakiinama juu ya karatasi ileile wakati wa prepo, na umeme ukikatika walichangia tochi moja. Sijui ni taasisi gani nyingine nchini iliyowahi kuwaketisha benchi moja kwa amani namna ile.

Tatu, desa linaleta umoja wa kitaifa. Watu wakisoma kitabu, wanagombana. Huyu anamlaumu baba, yule anamtetea, mwingine anamlilia mhusika ambaye wewe hukumwona hata alipopita. Wakisoma desa, wote wanaandika hoja moja, kwa mpangilio mmoja, na kosa moja la tahajia. Msahihishaji apumzike, akisoma karatasi ya kwanza, amesoma mkoa mzima.

Nne, na hii ndiyo karama yake kuu, desa linajua linakokwenda. Halipotezi muda kukisoma kitabu. Linamsoma mtunga mtihani. Linajua kwamba atauliza nafasi ya mwanamke, au mgongano, au umaskini, au mafunzo tunayoyapata. Basi linafika limekwisha kufunga mizigo minne, kila mmoja na hoja zake. Ukiulizwa lolote, unafungua mzigo. Wanaolitukana desa kwamba ni la kukariri hawajajiuliza lilijifunzia wapi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na desa limelelewa na maswali ya miaka kumi nyuma.

Tano, desa lina adabu. Chukua tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, Three Suitors: One Husband. Ukoo umepokea mahari ya mchumba wa kwanza, ukapokea kubwa zaidi ya mchumba wa pili, bila kumuuliza Juliette mwenyewe, msichana wa shule. Juliette anazichota zile fedha, anampa kijana anayempenda, na kijana anakuja kuulipa ukoo mahari kwa fedha za ukoo. Aliyekaa na kitabu hicho bwenini atawaamsha wenzake kwa kicheko. Desa halimwamshi mtu. Linaandika: dhamira ya kwanza, mahari, dhamira ya pili, tamaa, dhamira ya tatu, tofauti ya vizazi. Linajua chumba cha mtihani si mahali pa kuchekea, likaona heri likuzoeze mapema.

Sasa niseme na lile doa langu mimi, maana mwenye kusifu asiyekiri huitwa chawa. Nimesema kurasa za kusomeka zilikuwa 11. Ule wa 12 ulitoka mweusi tii, mashine ilimwaga wino. Na ndio uliokuwa na mwisho wa Weep Not, Child. Bwenini tukagawanyika. Wengine walisema Njoroge alikwenda Makerere. Mimi nilikuwa chama cha wale waliosema alimwoa mpenzi wake Mwihaki. Kwenye mtihani wa moko nikaandika hivyo, kwa Kiingereza changu bora kabisa, nikaongeza na watoto wawili.

Mwalimu wetu hakunichapa. Aliniita ofisini, akaniwekea karatasi mezani, akauliza, "Mwanangu, mahari ulitoa wewe?" Nikanyamaza. Akafungua droo, akatoa nakala yake mwenyewe iliyofungwa kwa plasta. "Leo usiku soma kurasa za mwisho tu. Kesho asubuhi nirudishie."

Nilizisoma chini ya shuka, kwa tochi ya simu ya kuazima. Njoroge yuko peke yake gizani na kamba, anangoja giza likolee. Kisha sauti ya Nyokabi, mama yake, inamwita. Amekuja kumtafuta, mkononi ameshika kijinga cha moto cha kumulikia njia. Mtoto anakifuata kile kijinga, anarudi nyumbani nyuma ya mama yake, na mwishowe anakimbia kuwafungulia mlango mama zake wawili, Nyokabi na Njeri. Nilizima tochi, nikakaa nikikiona kile kipande cha ukuni kikipita gizani. Hata bibi yangu alikuwa akitembea hivyo usiku, akikipunga kisizimike.

Asubuhi nikamrudishia mwalimu kitabu chake. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu muungwana hulifanyia desa lake: nikalitengeneza. Nyuma ya ule ukurasa mweusi nikaandika kwa kalamu, herufi kubwa, ili mashine izishike vizuri: "Mwisho: Njoroge anataka kujiua, mama anamzuia. Dhamira: upendo wa mzazi. Funzo: tusikate tamaa." Nikahesabu. Hoja tatu kamili. Kijinga sikukiandika, sikuona kingeingia chini ya dhamira gani.

Novemba ilifika, swali likawa mojawapo ya ile mizigo minne, nikafaulu. Siku ya kuondoka nilimrithisha desa kijana wa kidato cha tatu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalikunja mara nne, na siku hiyohiyo nikamwona anavuka barabara kwenda steshenari.