Jinsi ya Kufunga Kompyuta Kumi Endasak Ukachelewesha Harusi Moja

Subiri mavuno yaishe. Hapo ndipo harusi hufuatana kila Jumamosi, nawe mwenye studio ya chumba kimoja utajikuta na picha za kamera tatu, gigabaiti 60, na laptopu inayochakata video tangu alfajiri mpaka kuku warudi bandani. Fikiria kupukuchua mahindi: peke yako ni wiki nzima, mkiwa kumi ni jioni moja. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker wakiwa NASA waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zikafanya kazi kama moja, wakaiita Beowulf. Wao walikuwa na serikali ya Marekani nyuma yao. Wewe una Mlima Hanang.

Nunua kompyuta kumi za mtumba, wala usiulize zimetoka wapi. Kijibetri cha ndani kitakuwa kimekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika na kurudi, mashine itaamini tuko mwaka 2009. Ukiipa faili la leo itaona limetoka siku zijazo, na mashine yenye akili haifanyi kazi na wachawi.

Kebo chukua ya bei ya chini. Ndani mna nyaya nane. Fundi akibana nne tu, taa ya swichi itawaka vilevile, ila utapata megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000. Mzigo wako wa gigabaiti 60 wa kupita kwa dakika nane utapita kwa saa moja na dakika ishirini, kabla hata mashine moja haijaanza kazi. Laumu kompyuta. Kila mtu hulaumu kompyuta.

Umeme ni hesabu ndogo. Mashine moja ikila wati 100, kumi zinakula uniti moja kwa saa, uniti nane kwa usiku. Usiku wa kumi umeshavuka zile 75 za mwezi za mteja mdogo wa TANESCO, na bei nafuu umeiaga. LUKU mnachangia na mwenye nyumba? Mwambie ni friji.

Sasa kata video popote mkono utakapoangukia. (Mimi mwenyewe sifanyi hivi tena.) Video huhifadhi picha moja kamili, kisha mabadiliko tu, mpaka ifike kamili nyingine. Ukikatia katikati, mashine ya nne inapewa mabadiliko ya picha ambayo haikuiona, kama mjomba aliyefika kikaoni mahari yameshakubaliwa. Itakuchorea mchungaji wa kijivu asiye na kichwa.

Vipande vipe majina mepesi: kipande1 hadi kipande10. Ukianza na 01 utaharibu raha yote. Kompyuta hupanga kwa herufi, hivyo kipande10 kitakaa mara baada ya kipande1, na maharusi watatoka ukumbini kabla hawajaingia kanisani.

Kuunganisha vipande hufanywa na mashine moja tu, tisa zikitazama. Gene Amdahl alilisema hilo mwaka 1967: kasi yako yote itakwamia pale pasipogawanyika. Wapukuchuaji ni kumi, debe la kupimia ni moja.

Kisha peleka flashi. Mama wa bibi harusi ataitazama yote bila kulalamikia mchungaji wala ukumbi. Swali lake litakuwa moja: mbona shangazi haonekani akitoa blanketi?

Shangazi na blanketi lake wako kwenye mashine ya saba, mwaka 2009.