Barua ya Wazi kwa Hazina: Isiharakishe Kuiponya KenGen

Kwa Hazina ya Taifa, Nairobi,
Mwenye asilimia 70 ya KenGen.

YAH: OMBI LA KUCHELEWESHA BUSARA

Walalahoi wenye akaunti za hisa wanaleta mbele ya Hazina shukrani zilizokawia. Mwanzoni mwa 2024 hisa moja ya KenGen iliuzwa kwa takriban shilingi 2. Aliyejinyima andazi moja la shilingi 10 alijihesabia hisa tano za kampuni inayozalisha zaidi ya nusu ya stima ya Kenya. Ukarimu wa namna hii haujawahi kuonekana hata msimu wa uchaguzi.

Wanachonunua walalahoi hawa si hewa, ingawa kwa sehemu kubwa ni mvuke. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa jotoardhi uliwashwa 1981. Mvuke huo hauagizwi kwa meli kama dizeli, wala hausubiri mvua. Ukame ukija na bwawa la Masinga likaanza kuonyesha matope yake, Olkaria huendelea kupumua. (Mikopo iliyochimba visima vya mvuke huo ni habari nyingine, maana yen na dola hazitoki ardhini.)

Sasa hesabu. Mali ya wanahisa kwenye vitabu vya kampuni, madeni yakishatolewa na kilichobaki kugawanywa kwa hisa zake bilioni 6.59, inakaribia shilingi 40 kwa kila hisa. Soko likasema 2. Ng'ombe mzima kwa bei ya kwato! Ni kweli, hakuna anayeweza kung'oa mitambo ya Olkaria akaiuze kwa kilo sokoni Gikomba, kwa hiyo hizo 40 si pesa taslimu. Ila faida ni pesa. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 kampuni ilibakiwa na faida ya shilingi bilioni 6.8 baada ya kodi, ikatangaza gawio la senti 65 kwa hisa. Aliyenunua kwa 2 alirudishiwa karibu theluthi ya pesa yake kabla ya kukatwa kodi, na hisa bado anazo.

Siri ya bei hiyo ni Hazina yenyewe, na hapa ndipo walalahoi wanapoivulia kofia. KenGen huiuzia umeme Kenya Power, msambazaji wa stima, ambako Serikali ina asilimia 50.1. Bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya Serikali. Muuzaji, mteja na mwamuzi wote wanalelewa nyumba moja. Mteja akichelewa kulipa, deni hulimbikizana mabilioni kwa mabilioni. Na nani atampeleka ndugu yake mahakamani? Mwaka 2016, hisa mpya zilipotolewa kwa shilingi 6.55, wanahisa wadogo walitoa pesa mfukoni. Hazina ikageuza mikopo yake kuwa hisa. Mwekezaji mwenye akili timamu akitazama haya hukimbia, na kila anayekimbia humwachia mlalahoi hisa zake kwa bei ya chini.

Ndiyo maana yaliyotokea 2025 yamezua wasiwasi. Faida ilipita bilioni 10, gawio likafika senti 90, bei ikapanda hadi kupita shilingi 9. Kuna fununu kwamba wasomaji wa vitabu vya hesabu wameongezeka. Hata hivyo, kwa 9 gawio hilo ni kama asilimia 10, na kwato bado haijafikia bei ya paja. Nafasi ipo, mradi Hazina isiingiwe na bidii.

Hivyo walalahoi wanaomba mambo machache. Kenya Power isianze kulipa kwa wakati bila kutoa notisi, tuseme ya miezi sita. Uteuzi wa wakurugenzi uendelee kuzua maswali ya kutosha kuwatisha wageni. Na Hazina isiuze asilimia yake hata moja kwa mtu atakayeuliza maswali kwenye mkutano mkuu.

Wao walalahoi,
wanaosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ili waongeze.

Tanbihi: Nakala ya barua hii wasipewe waliopanga foleni 2006 hisa za KenGen zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, wakanunua kwa shilingi 11.90, wakaona bei ikiruka zaidi ya mara tatu, wakakataa kuuza. Hao, hata 2025, walikuwa bado wanasubiri 11.90.