Sifa za Sikio Lililokunjamana

Miongoni mwa neema zilizoishukia Kawajense, mtaa wetu wa Mpanda, bila ya kuombwa, siioni iliyo bora kuliko sikio la kushoto la paka wetu, ambalo badala ya kusimama kwa adabu kama mwenzake wa kulia limeinama mbele, likajikunyata, na likadumu katika hali hiyo. Paka mwenyewe aliokotwa jalalani, mchafu, mkondefu, tena mwizi, lakini kila aingiaye uani petu hayataji hayo, bali huketi, hulitazama sikio, kisha huuliza kwa taadhima: "Huyu ni wa ukoo gani?"

Fadhila ndogo za sikio hili nazipitia mbio. Halisikii likiitwa, wala halisikii likifukuzwa penye dagaa wa Karema. Na kwa kuwa hutikiswa mlangoni usiku kucha, nyumba yetu haijapitiwa na alfajiri.

Fadhila yake kuu ni kueneza elimu. Zamani mtaa wetu haukuwa na mwanachuoni hata mmoja wa nasaba za paka. Leo wamejaa tele. Kijana mwenye simu alithibitisha kwamba paka huyu ni Mskoti, wa kizazi cha Susie, yule paka mweupe aliyeonwa na mchunga kondoo William Ross mwaka 1961 katika shamba karibu na Coupar Angus. Mwalimu mstaafu akakanusha, akampeleka California kwa Shulamith, paka mweusi aliyetokea Lakewood mwaka 1981. Na alipoambiwa kwamba masikio ya huyo hupinda nyuma, ilhali la wetu limepinda mbele, alijibu kwamba safari ni ndefu na mambo hugeuka njiani. Shangazi, kwa uzalendo wa Afrika Mashariki, alishikilia kwamba ni Sokoke, paka wa msitu wa Arabuko huko pwani ya Kenya, ambaye masikio yake ni wima na hayana ila yo yote. Mwindaji mmoja akaapa kwamba baba yake ni simbamangu wa pori la Katavi. Almuradi sikio moja liliizunguka dunia, na chai ilinywewa kwangu, kwa sukari yangu.

Wala hakuna hata mmoja aliyelitazama ndani. Hata mmoja! Bwana mifugo alipolifunua alikuta utitiri: mnyama alijikuna hata mishipa midogo ikapasuka, damu ikajaa baina ya ngozi na gegedu, na ilipopona yenyewe bila ya tiba sikio likakunjamana. Sharafu yote ile ilikuwa ni jeraha. Na huko Uskoti kwenyewe utukufu ni maradhi, kwani kasoro ilazayo sikio huudhi gegedu la mwili mzima na kuumiza viungo, hata chama kikuu cha usajili wa paka Uingereza kikaacha kuwaandikisha paka wa aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ingefaa watu wa Mpanda wawe wa mwisho kuulizana asili, maana mji wetu ulikuzwa na madini ya risasi na reli iliyovutwa kutoka Kaliua kuyafuata, na wengi wetu tuliletwa na kazi. Lakini jirani yangu alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Serikali ilipowapa maelfu ya watu hao uraia mwaka 2014, naye alipata shahada yake, ameitia katika nailoni. Kila aendapo kuomba barua ya utambulisho, karani huisoma shahada, huigeuza nyuma, kisha humwinulia macho: "Sawa, lakini hasa, kwenu ni wapi?"

Karani huyo namfahamu. Amekunywa chai uani petu, na kwa kulitazama sikio tu, bila ya kudai cheti wala shahidi, alimkabidhi paka wangu Uskoti nzima. Kukisia asili ya paka humpandisha daraja. Kukisia asili ya mtu humteremsha, na mkisiaji ni yule yule. Jirani yangu mwenye shahada huulizwa kila mara atarudi kwao lini. Paka, asiye na karatasi hata moja, hajaulizwa.