Kura Milioni Mbili za Wenye Simu
Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa milioni 2.4 hivi, likatangaza kifua mbele kwamba katika uchaguzi wa urais Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa: kwa majibu mengi kiasi kile, fomula ya kosa la sampuli inaahidi kosa lisilofika hata asilimia 0.1. Ila fomula, kwa adabu zake, haiulizi anwani zimetoka wapi. Nyingi zilitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na waliomchukia Roosevelt ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kwenda posta.

Utasema wangeongeza watu. Haya, onja mchuzi wa jirani mara elfu, uone kama utaijua chumvi ya sufuria yako. Mpima maoni Gallup, kwa majibu machache sana kuliko ya Digest, alimtaja mshindi wa uchaguzi ule ule. Nasi leo tunasambaza dodoso kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, kisha tunatangaza kwa desimali tatu maoni ya “wananchi”.