Ujasiri na Viambatanisho Vyake

Safari ndefu ya kuizunguka dunia, yaani ile ambayo msafiri huacha kazi na kuhama nchi hadi nchi kwa mwaka au zaidi, husifiwa na wahubiri wake kuwa haihitaji chochote ila ujasiri, sifa ambayo kwa bahati mbaya haimo miongoni mwa viambatanisho vya ombi la viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayetaka kupitia eneo la Schengen, yaani mataifa ya Ulaya yanayotumia viza moja, hulipa yuro 90 zisizorudishwa hata akikataliwa, hukata bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na kwa kawaida hupeleka ombi katika nchi anamoishi, si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, kiasi kwamba mzururaji aliyekwisha kufika Bangkok huenda akalazimika kurudi Dar es Salaam ili aruhusiwe kusonga mbele. Zaidi ya hayo, huombwa barua ya mwajiri na ushahidi kwamba atarejea, na hapo mantiki hufikia kilele chake, kwa kuwa anayeruhusiwa kuacha kazi akazurure ni yule aliyethibitisha kwamba hajaiacha wala hana nia ya kuzurura. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri aliyeondoka Tangier mwaka 1325 na baadaye kufika Kilwa, alijilipia sehemu ya safari kwa ukadhi wa Delhi na Maldivi, kosa ambalo leo lingeitwa kufanya kazi bila kibali. Wahenga waliosema mtembezi hula miguu yake hawakukadiria kwamba angetakiwa kwanza kuithibitisha miguu hiyo kwa taarifa ya benki.