Wembe wa Herufi Moja

Jumatatu. Bonasi ya majani chai imeingia. Mama watoto amesema mabati. Nimekubali mabati. Kisha nikapitia sokoni kwa mwenye skrepa, kuangalia tu.

Kwetu Nyansiongo hakuna mnada wa vitu vya kale. Kuna mzani wa skrepa, na kando ya mzani kuna gunia. Humo, kati ya jembe lililovunjika na pedali ya baiskeli, nikapata wembe wa kukunja, mpini wa pembe, bapa lake pana kama kidole gumba. Muuzaji alikuwa akiuza kwa kilo hadi alipoona nilivyoushika. Papo hapo ukawa wembe wa Mzungu aliyekuwa na shamba hapa kabla ya mashamba kugawanywa. Kila chenye kutu huku kiliachwa na Mzungu. Wangekuwapo kweli wote wanaosemwa waliacha nyembe, wasingepata pa kufugia ng'ombe hata mmoja. Nilipokunja uso akageuza: ulikuwa wa omobari, mganga wa kupasua vichwa. Nikamweleza kwamba ababari walikuwa wakikwangua fuvu kidogo kidogo, na chuma chembamba hivi kingevunjika. Akasema ndiyo maana umeuzwa. Shilingi mia sita.

Jumanne. Nimeusugua kwa mafuta ya taa na kitambaa. Shingoni, pale kati ya makali na msumari wa mpini ambapo mtengenezaji hugonga jina lake, pametokea nyota na msalaba. Hiyo ni alama ya Rodgers wa Sheffield, wameishika tangu 1764. Nikaketi. Mama watoto akauliza kama ni presha.

Chini ya alama kuna maandishi: CUTLERS TO H, halafu kutu, halafu MAJESTY. Wahunzi wa visu wa kasri la Uingereza, wakijisifu. Zimeliwa herufi mbili tu. Kama ni HER, ni Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Kama ni HIS, ni mfalme, wa baada yake au hata wa kabla. Halafu kuna Elizabeth, aliyepokea ufalme mwaka 1952 akiwa humu humu Kenya, akaturudisha kwenye HER. Zaidi ya miaka mia imelala juu ya kutu isiyozidi punje ya wimbi.

Mama watoto akauliza hiyo HER maana yake nini. Nikamwambia "wake". Na ile nyingine? "Wake." Akarudi kuchambua chinsaga.

Jumatano. Nimeingia benki kutoa pesa za mabati, wembe mfukoni. Kifaa cha askari wa mlangoni kikalia. Nikautoa mwenyewe, kwa heshima, ukiwa umekunjwa. Akauliza ni wa nini. Nikasema bado natafuta. Hilo halikuwa jibu zuri. Watu wa foleni wakanipisha wote, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Sijawahi kuhudumiwa upesi namna ile.

Alhamisi. Mvua tangu saa saba. Kutu mpya juu ya kutu ya zamani. Mpya ni ya rangi ya chungwa.

Ijumaa. Nimefungua mkebe wa majani chai ninamoweka nyembe nyingine nne. Harufu ya kafuri. Mmoja una mpini wa seluloidi ulioiga pembe ya ndovu. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke unaokula chuma, chake na cha jirani. Huo nilikuwa nikiuona ndio mzuri kuliko wote, nikauweka katikati. Zimeharibika tatu zilizouzunguka, pamoja na ule wa Solingen wenye neno GERMANY. Nao nilikuwa nimeujua umri wake bila shida: mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya kulazimisha bidhaa za nje kutajwa zilikotoka, maana Wajerumani walikuwa wakigonga jina la Sheffield kwenye visu vya Solingen. Sasa linasomeka MANY.

Wa seluloidi wenyewe umebaki na madoa mawili tu.

Jumamosi. Nimejaribu kunoa kwa kinoo cha mto na mkanda wangu wa suruali. Makali hupimwa kwa nywele za mkono. Nikapima. Nikapima tena. Suruali nimeifunga kwa kamba ya katani.

Jumapili. Shati la kwaya lina mikono mifupi. Mkono wa kulia una nywele, wa kushoto hauna hata moja tangu kiwiko hadi kiganjani. Sauti ya tatu hukaa mbele. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono, akauangalia, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, nyumbani ni salama?" Nikasema ni salama. Akasema ataniombea hata hivyo.

Jumatatu. Msumari wa mpini unacheza, wembe unajifungua wenyewe mfukoni. Nimeupeleka kwa fundi wa jua kali karibu na stendi. Nikamwagiza mara tatu: gonga msumari tu, makali usiyaguse. Akasema, "Mwalimu, nimekusikia, makali siyagusi." Nikaenda kuuliza bei ya mabati geji thelathini. Imepanda.

Niliporudi msumari ulikuwa umekaza kabisa. Makali hakuyagusa, ni mtu wa neno lake. Ila shingo ilikuwa inang'aa hivi kwamba niliona pua yangu ndani yake. Nyota haipo. Msalaba haupo. H haipo. Alisema kulikuwa na uchafu mgumu hapo, mwingine umechimbika ndani kama maandishi, umemchosha kidogo, lakini kwa kuwa ni mwalimu hakuona vibaya kuumaliza wote.

Shilingi 150. Hamsini ya msumari, mia ya uchafu.